Saratani ya mapafu kwa mtu ambaye hajawahi kuvuta sigara: kuna kirusi nyuma yake?

#1 Mzigua wa Handeni

Habari zenu wakuu.

Mama yangu mdogo ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Sigara hajawahi kuigusa, na marehemu mumewe hakuwa mvutaji. Mwaka huu kikohozi kilimganda, mwili ukapungua, na baada ya kuzungushwa kwenye vipimo vingi majibu yakatoka: saratani ya mapafu, aina inayoitwa adenokasinoma.

Ugonjwa wenyewe mzito, ila kinachoniumiza zaidi sasa hivi ni maneno. Shemeji yake kasoma kwenye simu kwamba saratani ya mapafu inaletwa na kirusi cha HPV, kile kile cha mlango wa kizazi, akahitimisha kwamba mama "aliutoa kwa wanaume". Ukoo mzima umeshasikia. Kikombe chake cha bati kimefungwa uzi mwekundu kwenye mkono ili wajukuu wasikinywee, na kanga zake zinafuliwa kwenye beseni la peke yake.

Naomba wenye elimu mnisaidie. Kuna ukweli wowote kwamba virusi vinaleta saratani ya mapafu? Na kama vipo, anayeishi naye nyumba moja anaweza kuambukizwa?

#2 Kichuguu

Pole sana mkuu. Ngoja wajuzi waje, mimi nimeshaweka kambi hapa.

#3 Sauti ya Nyikani

Mkuu usipotezewe muda. Saratani ya mapafu ni sigara. Watafiti Doll na Hill walishalimaliza hilo Uingereza mwaka 1950, na kuanzia 1951 wakawafuatilia madaktari wapatao 40,000 kwa miaka mingi, waliokuwa wanavuta wakawa wanakufa kwa mapafu kuliko wenzao. Kama mama hakuvuta, basi alivutishwa. Ofisi za walimu enzi zile zilikuwa zinafuka moshi kutwa nzima, nani atabisha? Hizi habari za virusi zinawapa wavutaji kisingizio tu.

#4 Tabibu wa Zamu

#3 kuhusu sigara uko sahihi, ndiyo kisababishi kikuu na hakuna wa pili anayeikaribia. Ila kusema ni sigara peke yake, hapana. Duniani kote, kati ya wagonjwa 100 wa saratani ya mapafu, 10 hadi 25 hawajawahi kuvuta, na wengi wao ni wanawake wenye adenokasinoma kama huyu mama.

Kuna taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani, IARC, ipo Lyon, Ufaransa. Kazi yake ni kupanga visababishi kwa makundi kulingana na nguvu ya ushahidi. Kundi la kwanza ni vile vilivyothibitika. Kwa mapafu wameweka tumbaku, asbesto, gesi ya radoni, vumbi la silika, moshi wa dizeli (2012), hewa chafu ya nje (2013) na vingine. Virusi navyo vimo kundi hilo hilo la kwanza: HPV, homa ya ini B na C, EBV (kirusi cha Epstein-Barr), kirusi cha Kaposi, HTLV-1 (kirusi cha seli T za damu) na VVU. Lakini kila kirusi kimetajwa na kiungo chake. HPV wamekitaja kwa mlango wa kizazi, uke, uume, njia ya haja kubwa, kinywa na koo. Mapafu hayamo.

Kwa hiyo shemeji amechukua kirusi cha kweli akakipachika kwenye kiungo ambacho ushahidi wake bado unabishaniwa. Na hata kingekuwa kimehusika, HPV hukipata watu wengi mno waliowahi kujamiiana, akiwemo mwanamke aliyeolewa na mume mmoja maisha yake yote. Haimwambii mtu chochote kuhusu tabia ya mgonjwa.

Saratani ya mapafu haipiti kwenye kikombe, wala kwenye kanga, wala kwenye pumzi. Kata uzi ule leo leo, mbele yao wote.

#5 Mfugaji wa Molo

Salamu kutoka Kenya. Daktari, kwa binadamu sina ubishi nawe, lakini kwa kondoo saratani ya mapafu inaambukiza kabisa, na inaletwa na kirusi.

Ugonjwa unaitwa jaagsiekte. Ulianza kuandikwa Afrika Kusini karne ya 19, na huku Kenya pia umewahi kuripotiwa. Kondoo anaanza kubaki nyuma ya kundi mkipanda mlima, anahema kwa tumbo, anakula vizuri lakini anakonda. Kipimo cha wafugaji ni hiki: unamshika miguu ya nyuma unaiinua juu, kichwa kinaelekea chini, kama unayesukuma toroli. Akiwa nao umekomaa, majimaji yenye povu yanamwagika puani, wakati mwingine yanajaa kikombe. Yale majimaji ndiyo yenye kirusi, wenzake wakiyavuta wanaupata.

Yule kondoo Dolly wa Scotland, aliyezaliwa 1996 kwa kunakiliwa kutoka seli moja, aliondoka na ugonjwa huu huu. Februari 2003 walimpiga picha wakakuta uvimbe mapafuni, wakamlaza usingizi wa mwisho akiwa na miaka 6. Watu wakasema ni kwa sababu ya kunakiliwa. Ni kirusi tu.

#6 Kichuguu

Mfugaji, sasa umeniharibia Jumapili, nina mguu wa kondoo jikoni! Huyo kirusi hamfuati mlaji?

#7 Mfugaji wa Molo

Kula kwa amani ndugu yangu, mradi nyama imepita kwa mkaguzi. Hakuna ushahidi kwamba kirusi hicho kinamshika binadamu, na wachungaji wamelala na kondoo vizazi kwa vizazi. Nimeleta mfano kuonyesha kwamba pafu linaweza kupata saratani kwa kirusi peke yake, bila moshi wala sigara. Iceland waliuingiza 1933 pamoja na kondoo wa Karakul waliotoka Ujerumani, ukaangamiza mifugo vibaya sana. Wakauondoa kwa kuchinja makundi mazima, na kufika 1952 ukawa umeisha. Ukiondoa kirusi na saratani imeondoka. Ushahidi gani mwingine mnataka?

#8 Darubini

Nafanya kazi maabara, nizungumzie HPV na mapafu ya watu.

Wazo hili ni la zamani. Mwaka 1979 Kari Syrjänen wa Finland aliangalia saratani za njia ya hewa kwa darubini, akaona mabadiliko yanayofanana na yale ya vinyama vya HPV. Tangu hapo nchi nyingi zimetafuta. Mwaka 2001 watafiti wa Taiwan walitangaza kwamba walikuta DNA ya HPV 16 au 18 kwenye zaidi ya nusu ya saratani za mapafu walizopima, na hasa kwa wanawake wasiovuta. Nadhani hapo ndipo shemeji wa Mzigua alipodondokea.

Ila mwaka 2011 utafiti mkubwa wa Italia, uliopima uvimbe wa mamia ya wagonjwa kwa umakini sana, haukukuta HPV inayohusika. Ulaya na Amerika Kaskazini kwa jumla wanapata kidogo au sifuri, Asia Mashariki wanapata nyingi.

Kwa nini? Wapo wanaosema ni tofauti za kweli za watu na maeneo. Mimi natazama na upande wa maabara. Kipimo cha PCR kinazidisha chembe moja ya DNA hadi kuwa mamilioni. Tone dogo likiruka kutoka sampuli ya jirani, unapata jibu la uongo. Na kumbukeni maabara nyingi duniani zinafuga seli za HeLa, zilizotoka kwenye saratani ya mlango wa kizazi ya Henrietta Lacks kule Baltimore mwaka 1951. Seli hizo zimejaa HPV 18. Zimeshachafua majaribio ya watu wengi.

Halafu jambo la pili: saratani ya mlango wa kizazi husambaa mapafuni. Ukipima kinundu cha pafu ukakuta HPV, kwanza hakikisha hicho kinundu hakikusafiri kutoka chini.

#9 Mbongo Guangzhou

Wakuu, nasoma tiba huku Guangzhou. Nimeona HPV imewajaa vinywani, mmemsahau EBV.

Kuna aina ya saratani ya mapafu ambayo ni adimu sana kwenu lakini huku kusini mwa China, Hong Kong na Taiwan tunafundishwa kuitambua. Inafanana kabisa na saratani ya nyuma ya pua ambayo Guangdong ni maarufu kwayo. Ukiipima, EBV imo ndani ya seli za uvimbe karibu kila mara kwa wagonjwa wa Asia. Wagonjwa wenyewe mara nyingi si wavutaji na si wazee sana. Kwa sababu zinafanana chini ya darubini, daktari lazima amchungulie mgonjwa nyuma ya pua kwanza, asije akaita saratani ya pafu kumbe imehamia.

Tatizo: EBV tunaye karibu sote, tunampata utotoni kwa mate. Kwa nini huku anashambulia pua na pafu, na Afrika Mashariki anashambulia taya za watoto? Hapo hata maprofesa wangu wanajibu kila mmoja lake: vinasaba, samaki wa chumvi, malaria.

#10 Mzee wa Maktaba

Kijana wa Guangzhou, hizo taya za watoto zina historia ya hapa hapa kwetu. Denis Burkitt alikuwa daktari mpasuaji Mulago, Kampala. Mwaka 1958 aliandika kuhusu uvimbe wa taya kwa watoto wa Uganda. Sampuli zikawa zinasafirishwa kwa ndege hadi London, na mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr wakakiona kirusi kwa darubini ya elektroni. Ndicho kirusi cha kwanza cha binadamu kuhusishwa na saratani. Kwa hiyo habari hii tusiione ya wageni.

#11 Mama Pacha

Mimi si msomi lakini nina jambo la kusema kuhusu HPV na njia ya hewa, kwa sababu nimeliishi.

Mmoja wa pacha wangu alianza kukauka sauti akiwa mdogo. Analia lakini hatoi sauti, kama mtu anayenong'ona. Tukaambiwa pumu, tukapewa dawa za pumu. Usiku akawa anavuta pumzi kwa mlio hadi kifua kinabonyea katikati ya mbavu. Ndipo daktari wa masikio, pua na koo akamchungulia, akakuta vinyama vimeota kwenye nyuzi za sauti, vimebanana kama koliflawa. Akasema ni HPV, aina ya 6 na 11, mtoto huipata kwa mama wakati wa kuzaliwa.

Vinakatwa vinaota tena. Nimeshazoea harufu ya chumba cha upasuaji. Daktari anatuita kupiga picha ya kifua kila baada ya muda, anasema mara chache sana vinyama vinashuka mapafuni. Sasa mnaposema HPV na mapafu havihusiani kabisa, mimi nashindwa kuelewa.

#12 Tabibu wa Zamu

Mama Pacha, pole na hongera kwa kupigana. Ulichosema ni sahihi, na wengi wetu kazini tunaukosa ugonjwa huu kwa sababu tunakimbilia pumu.

Ni papiloma za njia ya hewa. Kwa wachache vinashuka hadi mapafuni, na kwa wachache wa hao wachache vinageuka saratani. Hapo HPV ina hatia ya wazi, mlolongo unaonekana kwa macho kutoka kinyama hadi uvimbe. Australia walipochanja wasichana kwa chanjo inayozuia pia aina ya 6 na 11, watoto wapya wenye ugonjwa huu wakapungua sana.

Lakini ni njia nyembamba. Haimfikii mwalimu mstaafu asiyewahi kuwa na vinyama kooni.

#13 Sauti ya Nyikani

Nilijua tutafika kwenye chanjo. Wametuletea 2014 nchi nzima, tukachanjia watoto bila kuelezwa, leo wanatutafutia na magonjwa mapya ya kuihalalisha.

#14 Binti Kibosho

Kaka, mwaka 2014 ilikuwa Kilimanjaro tu, kwa majaribio. Nchi nzima ilianza Aprili 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na 2024 ikawa dozi moja kwa wa miaka 9 hadi 14. Nasema kwa uhakika kwa sababu mdogo wangu alikuwa kwenye lile kundi la Kilimanjaro, karatasi ya ridhaa nilimsomea mama mimi mwenyewe, mezani, mstari kwa mstari. Kuelezwa tulielezwa.

Na hakuna anayeitangaza kama chanjo ya mapafu. Ni ya mlango wa kizazi, saratani inayoua wanawake wa kwetu kuliko zote.

#15 Sauti ya Nyikani

Sawa, tarehe nimezipokea. Swali langu la msingi lipo pale pale: nani ameonyesha adenokasinoma ya kawaida ya pafu la mtu mzima ikisababishwa na kirusi? Kondoo, Wachina na watoto wenye vinyama nimewasikia. Nataka ya kawaida.

#16 Mzee wa Maktaba

Swali zuri, na historia inalijibu pande zote mbili.

Miaka ya 1920 na 1930 madaktari wa Ulaya waliona saratani ya mapafu inapanda wasijue kwa nini. Wapo waliosema ni mafua makuu ya 1918 yaliyojeruhi mapafu ya watu. Wengine wakasema lami za barabarani, wengine moshi wa magari, wengine gesi za sumu za vita. Doll mwenyewe alianza akishuku lami na magari. Takwimu zilipomwelekeza kwenye sigara aliacha kuvuta. Kwa hiyo kirusi kilishawahi kushitakiwa kwa saratani ya mapafu kabla ya sigara, kesi ikafa.

Upande wa pili, mwaka 1911 Peyton Rous kule New York alichukua uvimbe wa kuku, akausaga, akauchuja hadi seli zisipite, akawadunga kuku wengine wakapata uvimbe. Wakubwa wa zama zake hawakutaka kusikia. Nobeli alipewa 1966, miaka 55 baadaye. Zur Hausen wa Ujerumani naye alibishiwa kuhusu HPV na mlango wa kizazi hadi alipoipata HPV 16 mwaka 1983, Nobeli 2008.

#17 Mwanaapolo

Mnazunguka sana. Njooni Mererani mkaone. Chini kwenye duara tunadrili kwenye mwamba mkavu, vumbi mpaka taa ya kichwani haionyeshi mkono wako. Ukipanda juu ukipenga kamasi inatoka rangi ya saruji. Jamaa zangu watatu wamekwisha kwa vifua, hakuna hata mmoja aliyeambiwa kirusi. #4 ametaja silika, basi tuanzie hapo. Maji kidogo kwenye mashine ya kudrili yangeokoa vifua vingi, ila mwenye mgodi anasema yanachelewesha kazi.

#18 Kichuguu

Mwanaapolo, jiwe ukilipata usitusahau wa kambini. Ila kweli nakuombea, tafuta barakoa nzuri, kitambaa cha usoni hakizuii vumbi lile.

#19 Nyamizi wa Sikonge

Wanaume mmetaja migodi, lami, magari. Hakuna aliyeingia jikoni.

Huyo mama ni mwalimu wa zamani, mtoto wa kijijini. Toka akiwa na miaka 7 amepuliza moto wa kuni kwenye nyumba ya nyasi isiyo na dirisha, mtoto mgongoni. Hesabuni miaka hiyo. Kule Xuanwei, jimbo la Yunnan, China, wanawake wasiovuta walikuwa wanakufa kwa saratani ya mapafu kwa kiwango cha kutisha, kumbe wanapikia makaa ya mawe yenye moshi ndani ya nyumba. Walipowekewa majiko yenye bomba la kutolea moshi, saratani ikapungua.

#20 Tabibu wa Zamu

Nyamizi umegusa penyewe. Nyongeza ndogo: ya Xuanwei ni makaa ya mawe, na hayo IARC wameyaweka kundi la kwanza. Moshi wa kuni wameuweka chini yake kidogo, kundi la "huenda kwa uwezekano mkubwa". Si kwamba ni salama.

#21 Nipo Imara

Naomba nami nijibiwe. Ninaishi na VVU, natumia dawa bila kukosa, kipimo cha wingi wa virusi kinasoma havionekani. Daktari #4 ametaja VVU kwenye orodha. Hatari yangu ya mapafu ikoje?

#22 Darubini

Ndugu, kwanza endelea hivyo hivyo na dawa.

Watu wanaoishi na VVU wana hatari ya saratani ya mapafu kubwa kuliko wengine, kama mara mbili hivi au zaidi, hata ukitoa hesabu ya sigara. VVU hakiingii kwenye seli ya pafu kikaigeuza. Kinachofikiriwa ni kwamba kinga inashuka, nimonia zinajirudia, mapafu yanakaa yamewaka kwa muda mrefu. Dawa zinapunguza sehemu ya hayo. Kama unavuta, kuacha ndiyo hatua yenye faida kubwa kuliko zote.

Na kuna Kaposi, inayoletwa na kirusi kingine kilichogunduliwa 1994. Inaweza kuota ndani ya mapafu. Wagonjwa huku kwetu huambiwa "kansa ya mapafu" wakati ni Kaposi, na matibabu yake ni tofauti.

#23 Dereva wa Tunduma

Kaka yangu alipigwa picha ya kifua kwenye hospitali moja, ikaonekana doa jeupe. Makohozi hayakuwa na kitu. Akaanzishiwa dawa za TB, miezi 6. Doa likabaki, akaanzishiwa tena. Alipofika rufaa wakatoa kinyama wakakuta saratani, imeshafika kwenye ini. Sasa nauliza, si hiyo TB ndiyo kirusi kilichomletea?

#24 Tabibu wa Zamu

Pole sana. TB ni bakteria, si kirusi. Kovu la TB ya zamani linaongeza hatari ya saratani ya pafu, hilo linajulikana. Ila kwa maelezo yako yaelekea saratani ilikuwepo tangu mwanzo ikatibiwa kama TB. Inatokea mno ukanda wetu wote. Makohozi yakiwa safi na doa halipungui baada ya miezi miwili ya dawa, mgonjwa adai siti skani na bayopsi (kutolewa kinyama kikapimwe). Adai, asisubiri.

#25 Msomi wa Usiku

Nimesoma uzi wote. Mnauliza "kirusi kinaleta au hakileti", mimi nauliza kama kirusi kinaamsha.

Mwaka 2023 timu ya Charles Swanton, taasisi ya Crick, London, ilionyesha kwamba hewa chafu haihitaji kuharibu DNA. Mapafu yetu yana seli chache zenye hitilafu tayari, kwa mfano kwenye kinasaba cha EGFR, zimelala tu. Vumbi laini la hewani linachokoza kinga, kinga inamwaga kemikali, zile seli zinaamka. Kama vumbi linaweza, mafua makali yashindwe vipi? Mwaka 2025 ikatoka ya panya: wakiwa na seli za saratani ya titi zilizolala mapafuni, wakiambukizwa mafua au kirusi cha korona, seli zinaamka na kuongezeka ndani ya siku chache.

Na kuna hoja ya kirusi kupiga na kukimbia: kinaanzisha mchezo, kinaondoka, ukija kupima miaka 20 baadaye hukikuti. Hao wa Italia watakikutaje?

#26 Darubini

Ya kuamsha naikubali kama wazo la kufanyia kazi, ila ile ya 2025 ni titi lililohamia pafuni, na ni panya kwa sehemu kubwa. Ukitoka hapo ukasema mafua yanaleta saratani ya pafu umeruka madaraja mawili.

Hiyo ya kupiga na kukimbia siikubali. HPV ikishika seli ya mlango wa kizazi, uvimbe unaendelea kutegemea protini zake mbili, E6 na E7, zinazozima walinzi wa seli. Ukizizima maabara, seli za saratani zinakufa. Nionyeshe kirusi cha pafu kinachotegemewa hivyo. Dai ambalo kila usipokuta kitu unasema "kimeshakimbia" nalipimaje?

#27 Msomi wa Usiku

Unalipima kwa chanjo. Wasichana waliochanjwa mwanzoni sasa wana miaka thelathini. Wakifika sitini, Taiwan hasa, tutaona kama saratani ya mapafu imepungua kwao.

#28 Mzigua wa Handeni

Shukrani wote, nimewasoma neno kwa neno. Bandiko la #4 nimelisoma kwa sauti kwenye kikao cha familia, shemeji akanyamaza, hakuomba radhi. Uzi mwekundu mama kaukata mwenyewe kwa kisu cha vitunguu.

Ripoti ya patholojia nimeishika. Imeandikwa TTF-1 chanya, na chini yake p16 chanya kidogo. Kijana mmoja kaniambia p16 ndiyo HPV. Nisaidieni.

#29 Darubini

TTF-1 chanya kwenye adenokasinoma inaelekeza kwamba uvimbe umezaliwa pafuni, haukuhama kutoka mlango wa kizazi. p16 tunaitumia kama kivuli cha HPV kwenye koo na mlango wa kizazi. Kwenye pafu inaweza kuwa chanya bila HPV yoyote, kwa hiyo huyo kijana asikutishe.

#30 Tabibu wa Zamu

Mzigua, sasa tuache kutafuta mkosaji tutafute dawa. Muulize daktari wake kama EGFR imepimwa. Kwa asiyevuta mwenye adenokasinoma ni kipimo cha lazima, maana ikiwa na hitilafu kuna vidonge vinavyoilenga, mgonjwa anameza nyumbani badala ya kuanza na dripu.

Mara nyingi haihitaji kumchoma tena. Kipande walichotoa kimehifadhiwa maabara kwenye bloku ya nta. Andikeni barua ya kuomba bloku hiyo au vioo vyake, mtaje namba ya sampuli iliyo kwenye ripoti. Maabara isiyopima inaweza kuituma inakopimwa.

#31 Mbongo Guangzhou

Na wakiwa wanaituma, omba wapime na EBV humo humo kama wanaweza. Sitegemei kuikuta kwa adenokasinoma ya kawaida, ila sampuli za Afrika Mashariki zilizopimwa ni chache mno, na tunabishana kwa takwimu za Taiwan na Italia.

#32 Darubini

Hapo nakuunga mkono. EGFR kwanza lakini, nyama kwenye bloku ni kidogo, isije ikaishia kwenye udadisi wetu.